Uzi: Reli ya Hijazi, Damascus hadi Madina. Iliuawa na Lawrence au iliuawa na mipaka?

Fundi Mtaimbo:
Wakuu, salaam.

Reli ya Hijazi ikitajwa popote, jina la kwanza kusikika ni la T. E. Lawrence, yule afisa wa Kiingereza aliyevaa kanzu na kilemba akitega baruti chini ya treni za Waturuki. Leo naweka hoja yangu: baruti iliijeruhi reli ile, lakini waliochimba kaburi lake ni wale waliogawana ramani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nitashusha kwa vipande. Mwenye la kuongeza asinisubiri nimalize.

Njia yenyewe ilitoka Damascus, ikapita Deraa, Amman, Ma'an, Tabuk na Al-Ula hadi Madina, kama kilomita 1,300. Karibu sawa na Dar hadi Kigoma, na zilijengwa takriban zama moja: ya kwetu ya Mjerumani ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Upana wake ulikuwa milimita 1,050, yaani iliizidi reli yetu ya mita kwa sentimita 5 tu. Kipimo hicho cha ajabu hakikubuniwa kwa ajili ya jangwa. Kampuni ya Kifaransa ilikuwa imeshajenga reli ya Beirut hadi Damascus kwa kipimo hicho, ikafunguliwa 1895, na vifaa vya ujenzi vilitegemewa kupita huko kutoka bandarini. Ukiweka kipimo kingine, kila kitu unakishusha Damascus na kukipakia upya. Wanaoijua Kidatu, pale mizigo ya reli ya mita inapohamishiwa TAZARA, hawahitaji kuelezwa adha yake.

Sultani Abdulhamid II wa dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki, alitoa amri Mei 1900, kazi ikaanza Septemba mwaka huohuo. Mbele ya watu, reli ilikuwa ya mahujaji. Msafara wa ngamia kutoka Damascus hadi Madina ulichukua karibu siku 40 za jua, kiu, maradhi na makabila ya njiani yaliyodai chao. Kwa treni ikawa siku tatu hivi. Lakini Sultani hakuwa mtoto mdogo. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882, kwa hiyo askari wa dola ya Uthmaniya wakipelekwa Hijazi (upande wa Makka na Madina) au Yemen kwa meli walipita Suez chini ya pua ya Mwingereza. Reli ingempa njia ya nchi kavu isiyohitaji ruhusa ya mtu.

Sasa pesa, na hapa ndipo ninapopapenda. Dola ilikuwa imezama kwenye madeni ya Ulaya, naye hakutaka kuongeza. Ukatolewa wito Waislamu wa dunia nzima wachangie. Kule Punjab mwandishi wa habari Muhammad Inshaullah alihamasisha kwa nguvu zake zote; Shah wa Iran na Khedive, mtawala wa Misri, wakatoa. Ngozi za wanyama wa Idi zilikusanywa zikauzwa. Wachangiaji wakubwa walivishwa medali. Watumishi wa serikali walikatwa mishahara "kwa hiari", na hiari ya namna hiyo mnaijua wenyewe. Michango yote ilifika kama theluthi ya gharama. Iliyobaki ilitoka kwenye kodi, stempu na mikopo ya Benki ya Kilimo ya dola yenyewe.

Kwa kuwa ilijengwa kwa sadaka, reli ikahesabiwa mali ya wakfu. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye mipaka.

Ustadh Mvita:
Ahsante sana ndugu yangu, Mola akuzidishie. Kwa upande wetu wa mwambao, mahujaji walikwenda kwa bahari wakateremkia Jedda, kisha ngamia hadi Makka. Kwa hiyo wazee wetu reli ile haikuwafaa kitu.

Lakini nina swali. Hija iko Makka na viunga vyake, haiko Madina. Mtu anajengaje reli ya hija isiyofika kwenye hija?

kipusa wa Kondoa:
Nimekaa siti ya dirishani. Mleta uzi usituache porini, maana humu kuna watu wanaanzisha nyuzi wanapotea.

Fundi Mtaimbo:
Ustadh, swali lako ni zito, nalijia. Kwanza tupite kwenye ujenzi, maana jibu limejificha humo.

Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Heinrich August Meissner, ambaye Waturuki walimpa cheo cha Pasha. Kazi ya sululu na chepeo ilifanywa na askari wa Uthmaniya, maelfu kwa maelfu, ambao ahadi yao ilikuwa kupunguziwa muda wa jeshi. Kipindupindu kiliwapitia, na chakula kilikuwa duni. Reli ilifika Amman 1903, Ma'an 1904, Tabuk 1906, Al-Ula 1907. Tawi la kwenda bandari ya Haifa lilikamilika 1905 likipita bonde la Yarmuk na kuvuka Mto Yordani, mahali reli ilipoteremka hadi mita 246 chini ya usawa wa bahari. Jangwa juu, shimo chini, na yote kwa injini ndogo za Kijerumani za Krauss, Hartmann na Jung.

Kuanzia Al-Ula kwenda kusini wahandisi wasio Waislamu walibaki nyuma. Waislamu wenyewe, Mukhtar Bey akiwa mmoja wao, ndio walioifikisha njia Madina. Watu wengi husahau hili, wanadhani reli yote ni ya Mjerumani.

Mataruma, vile vilalio vinavyobeba reli, yalikuwa ya chuma. Taruma la mbao jangwani linakauka na kupasuka, na usiku wa baridi, pasipo na mti hata mmoja, mpita njia analiona ni kuni tu. Lakini mtihani mkubwa ulikuwa maji. Injini ya mvuke isipokunywa haiendi. Stesheni zilipangwa kila kilomita 20 hivi: jengo la mawe lenye matundu ya kupenyezea bunduki, tangi, na kisima pale kilipopatikana. Pasipo kisima, treni ilijikokotea mabehewa ya maji, kwa hiyo sehemu ya nguvu yake iliishia kubeba kinywaji chake. Halafu jangwa hilohilo, mwaka mzima kavu, likipata mvua ya siku moja mabonde yanageuka mito na kuzoa tuta lote. Ndiyo maana walijenga madaraja na makalvati ya mawe zaidi ya 2,000. Yaliyochongwa vizuri mpaka leo yamesimama.

Sasa Makka. Fikiria wewe ni Bedui wa kabila la Harb. Miaka nenda rudi dola inakulipa mfuko wa fedha ili msafara wa hija upite salama kwako, na juu ya hapo unakodisha ngamia. Treni imefika Madina, tayari umepoteza mapato ya upande wa kaskazini. Ikifika Makka, umebaki na ngamia wa kuangaliana nao. Mwaka 1908 walipigana kweli, wakashambulia njia na walinzi wake karibu na Madina.

Na Sharifu, mtawala wa Makka, naye? Hussein bin Ali aliteuliwa 1908. Reli ikiingia mjini kwake, kikosi cha Kituruki kinafika ndani ya siku chache kila Sharifu akikohoa. Hakuitaka, na hakuwa peke yake.

Istanbul nako mambo yalibadilika. Mapinduzi ya Julai 1908 yalimvua Abdulhamid madaraka yake ya kuamua peke yake. Reli ikafunguliwa rasmi Madina tarehe 1 Septemba 1908, siku iliyochaguliwa kwa ajili ya kumbukumbu ya kutawazwa kwake, na Aprili 1909 akaondolewa kabisa. Waliomfuata hawakuwa na hamu ya kupigana na Harb kwa ajili ya ndoto ya mtu waliyempindua. Ikaishia hapo.

Jembe Halimtupi:
Mkuu, uzi mzuri, ila naona unamshusha Lawrence na wenzake kupita kiasi. Uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki ulianza Juni 1916. Aqaba ikaanguka Julai 1917. Septemba 1917 treni ikalipuliwa Mudawwara. Aprili 1918 wakabomoa kipande kirefu kati ya Ma'an na Mudawwara hata Madina ikawa kisiwa. Agosti 1918 kikosi cha ngamia cha Kiingereza kikaiteka stesheni ya Mudawwara na kuliharibu tangi la maji, na bila maji yale hakuna treni inayokwenda kusini. Hiyo si jeraha, hiyo ni kukata kichwa. Mipaka ilikuta maiti.

Mstaafu wa Njia, Tabora:
Habari zenu vijana. Mimi nimezeekea kwenye genge la matengenezo ya njia, ngoja niwape la ufundi.

Kukata reli moja si kazi, na kuirudisha si kazi. Ukilipua chuma katikati, genge linakuja na kipande kingine, wanafunga mataruma, jioni treni inapita. Waturuki walikuwa na akiba ya reli Madina na mafundi hodari, walikuwa wakitengeneza karibu kila siku. Wale Waingereza walipogundua hilo wakabadilisha mbinu. Baruti kidogo inafukiwa chini ya taruma la chuma, katikati kabisa. Ikilipuka, taruma linainuka na kujikunja, linazivuta reli zote mbili juu na ndani. Sasa hapo reli haikukatika, imepinda pande tatu. Huwezi kuinyoosha kwa nyundo. Ni kuing'oa na kuleta nyingine, na nyingine itoke wapi wakati bandari zimefungwa?

Kwa hiyo taruma la chuma lililookoa njia wakati wa ujenzi ndilo lililowarahisishia wabomoaji. La mbao lingevunjika tu, reli ikabaki imenyooka.

kipusa wa Kondoa:
Mzee wetu, shikamoo. Hilo la taruma sijawahi kulisikia popote.

Mstaafu wa Njia, Tabora:
Marahaba mjukuu.

Fundi Mtaimbo:
Shikamoo mzee, umeniokolea jasho la bure, mimi nilikuwa natafuta namna ya kulieleza hilo.

Jembe, tarehe zako sina ugomvi nazo. Naongeza mawili kabla ya kujibu hoja.

Kwanza, Lawrence hakuwa peke yake wala wa kwanza. Treni ya kwanza kulipuliwa ikiwa mwendoni ni kazi ya Herbert Garland, Februari 1917. Lawrence alitega la kwake la kwanza mwezi uliofuata. Na nyuma yao walikuwepo Mabedui wenyewe, askari wa Kimisri, Wahindi wa bunduki za rashasha, Waalgeria wa mizinga ya Kifaransa. Historia imewameza wote, imemtema mmoja.

Pili, njaa ya kuni iliitafuna reli hata pale baruti haikufika. Bahari ilipozibwa na manowari za Kiingereza, makaa ya mawe yakaisha. Injini zikaanza kulishwa magogo. Ilijengwa hata reli ya tawi kwenda kwenye msitu karibu na Shobak ili kusomba kuni tu, na mizeituni ya watu ikakatwa. Milima ya kule mpaka sasa ina makovu yake.

Na watu wa Madina walilipa zaidi ya wote. Kamanda Fakhri Pasha aliwapakia raia kwenye mabehewa na kuwahamishia Sham, wengine mbali zaidi, ili chakula kiwatoshe askari. Hazina za Msikiti wa Mtume nazo zikapelekwa Istanbul kwa treni hiyohiyo. Familia za Madina bado zinasimulia safari ile kwa uchungu. Waliobaki mjini walikula nzige. Fakhri aliwaandikia askari waraka wa kuwasifia nzige kama chakula. Vita vilipomalizika kwa Waturuki tarehe 30 Oktoba 1918 alikataa kusalimu amri. Maofisa wake mwenyewe ndio waliomtoa, Januari 1919. Mji ulikuwa umekaa karibu miezi tisa bila treni.

Sasa hoja. Kama kichwa kilikatwa, mbona mapema miaka ya 1920 treni kadhaa zilifika tena Madina? Njia ilitengenezwa. Kwa shida, kwa viraka, lakini ilitengenezwa. Kilichoshindikana ni kuiendesha.

Angalia mgawanyo. Damascus na kaskazini ni Syria, yuko Mfaransa, naye kipande chake akakikabidhi kwa kampuni ya reli ya Kifaransa, ileile ya Beirut. Haifa ni Palestina ya Mwingereza. Amman ni Transjordan, nayo chini ya Mwingereza, na mwaka 1925 Ma'an ikaongezwa huko. Kusini alikuwa Mfalme Hussein, Sharifu yule asiyeitaka reli, na Desemba 1925 Madina ikaingia mikononi mwa Ibn Saud. Ni shamba la urithi hili: kila mtoto kachukua tuta lake, kisima hakuna wa kukifukua. Kipande cha kaskazini chenye abiria na ngano kilikuwa na faida, kila mwenye nacho akakishika. Kipande cha jangwani, kilomita mia kadhaa za mchanga na hakuna abiria ila msimu wa hija, kilihitaji kubebwa na hicho cha kaskazini. Ndivyo kilivyopangwa tangu mwanzo. Ukivitenganisha, cha kusini kinakufa hata kama hakuna aliyekigusa.

Na wakfu je? Waislamu walidai kwamba reli ni mali yao wote na isigawanywe. Januari 1923, kwenye mkutano wa Lausanne, Ufaransa na Uingereza zikakiri tabia yake ya kidini na kuzungumzia baraza la ushauri la Waislamu lenye makao Madina. Baraza halikuendesha hata behewa moja. Mikutano iliitishwa, mikutano ikaisha, na katikati ya miaka ya 1920 safari za Madina zikakoma.

Jembe Halimtupi:
Hapo kwenye kaskazini kuibeba kusini umenigusa. Lakini bado nina la kusema: hata bila mipaka, lori na meli zingeiua. Hujaji wa Misri, India, kwetu, wote bahari. Baada ya hapo ndege. Reli ya kilomita 1,300 inayojaa miezi miwili kwa mwaka haina biashara.

Fundi Mtaimbo:
Hilo lina uzito, na linaeleza yaliyotokea baadaye. Katikati ya miaka ya 1960 serikali za Syria, Jordan na Saudi Arabia ziliweka wakandarasi kuifufua njia ya kusini. Kazi ilianza, matuta yakatengenezwa, kisha vita vya Juni 1967 vikaikatiza. Na haikurudiwa, kwa sababu hizohizo zako: barabara ya lami na ndege vilishafika.

Ila ya Haifa usiiweke kwenye kapu hilo. Ile ilikuwa na biashara ya bandari. Iliuawa usiku mmoja wa Juni 1946, wapiganaji wa Kiyahudi wa Palmach walipolipua daraja la Yarmuk, na 1948 ikaweka mpaka wa vita juu yake.

Dada Zuhura:
Jamani na mimi nichangie. Kuna simulizi inayopendwa sana Uturuki, kwamba treni ilipokaribia Madina reli zilifunikwa kwa nguo nzito ili kelele zisimsumbue Mtume kaburini. Fundi, ni kweli hii?

Fundi Mtaimbo:
Dada Zuhura, inasimuliwa mno, na ni nzuri kusikiliza. Mimi huiweka kwenye masimulizi. Gurudumu la injini ya tani kadhaa lingeisaga nguo hiyo safari ya kwanza tu, na mzee wetu wa Tabora atakwambia nguo iliyolowa mafuta juu ya reli inafanya nini wakati wa kufunga breki.

Mstaafu wa Njia, Tabora:
Treni ingezuru Madina ikapitiliza.

Ngosha Mchimbaji:
Nyie mnaongelea mataruma, mimi nauliza DHAHABU. Nasikia Waturuki walizika mishahara ya askari kwenye stesheni zile.

Fundi Mtaimbo:
Nilijua utakuja. Jordan imani hiyo ipo kama ilivyo kwetu ile ya mali za Mjerumani. Watu wamechimba mashimo kuzunguka stesheni na chini ya madaraja, usiku kwa tochi na vifaa vya kutambua chuma. Wanachofanikiwa kwa uhakika ni kuyaangusha majengo. Hasara iliyoletwa na wasaka dhahabu kwa stesheni za kusini mwa Jordan inasikitisha, maana yale mawe yalivumilia vita na miaka 100 ya upepo. Mataruma na reli zenyewe nazo ziliishia kuwa boriti za mapaa na nguzo za uzio vijijini, lakini hiyo siilaumu, mtu anajenga kwa alichonacho.

Ngosha Mchimbaji:
Kwa hiyo haipo?

Fundi Mtaimbo:
Ngosha, pumzika.

Ustadh Mvita:
Fundi, kimebaki nini cha kuona? Kuna vijana wetu wanakwenda Umra, ningependa waone.

Fundi Mtaimbo:
Ustadh, vipo vingi.

Madina kwenyewe stesheni ya Al-Anbariyya ipo, pamoja na msikiti wake wa Kituruki wenye jina hilohilo, na haiko mbali na Msikiti wa Mtume. Imegeuzwa makumbusho. Waulize hotelini kama imefunguliwa siku hizo. Kaskazini, kwenye njia ya Al-Ula, kuna stesheni ya Mada'in Salih iliyokarabatiwa, jirani na makaburi ya miambani ya Al-Hijr, ambayo mwaka 2008 yalikuwa eneo la kwanza la Saudi Arabia kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Stesheni ya Tabuk nayo imetengenezwa. Katikati ya hizo, jangwani, kuna stesheni zilizoachwa, na kwenye baadhi injini zimelala ubavu pale zilipoangushwa.

Jordan ndiko reli ilikobaki na uhai. Kusini mwa Amman huendeshwa treni za matembezi hadi Jiza, familia zinabeba nyama choma na chai. Tangu 1975 kipande cha njia ya zamani kupitia Ma'an kiliunganishwa na reli mpya ya kuteremsha fosfati hadi Aqaba, kwa upana uleule wa milimita 1,050, na mizigo ile ilikuwa mizito kuliko chochote Abdulhamid alichokiwaza. Damascus kuna jengo la stesheni kuu lililochorwa na Mhispania Fernando de Aranda na kukamilika 1913. Ukumbi wake ni wa kupendeza hata bila treni.

Na kile kipande cha Madina hadi Makka ulichouliza, kilijengwa hatimaye, ila na watu wengine na kwa reli nyingine. Treni ya Haramain ilianza kubeba abiria Oktoba 2018, kilomita 450 kupitia Jedda, mwendo hadi kilomita 300 kwa saa, upana wa milimita 1,435. Vijana wako wakiipanda, saa mbili na ushee wamefika.